Kuloba si kosa

Katika rasimu za tasnifu za idara yetu kuna kitenzi kimoja ambacho kila mwaka huingia kwa wino mweusi na kutoka kwa wino mwekundu. Mwanafunzi anaandika "vijana wanaoloba kando ya Lukuga". Msahihishaji anakata, anaandika juu yake "wanaovua", na pembeni anaongeza "Kiswahili sanifu!" Nimeiona alama hiyo katika rasimu nne za wenzangu, na katika yangu mara kumi na moja, maana yangu inahusu uvuvi wa ndoano hapa Kalemie na siwezi kumaliza ukurasa bila kitenzi hicho. Ninadai kwamba sahihisho hilo linaharibu kazi zetu. Nitalidai kwa njia ndefu kidogo, inayopita kwenye mwanzi, kwa sababu katika mwanzi ndimo nilimoona hasara yenyewe ilivyo kubwa.

Tuanze na neno. Wanaisimu wa Kibantu hurejesha mizizi miwili ya kale inayokaribiana kwa sauti: *-dub-, kuvua samaki, na *-dob-, kuvua kwa ndoano. Mzizi wa kwanza ulipofika pwani ulipita katika kanuni ambazo sote tulizikariri mwaka wa pili. Sauti d mbele ya u ile ya juu ikawa v, b iliyokuwa katikati ya irabu ikadondoka, tukapata vua. Ile b haikupotea yote. Mbele ya kiambishi cha mtendaji -i iligeuka v, ndiyo maana tunasema mvuvi, jinsi kuiba kulivyozaa mwivi wa Kiswahili cha zamani. Mzizi wa pili umebaki mzima katika lugha nyingi za bara: Wabemba wana ukuloba na ubulobo, yaani ndoano, Kilingala kina ndobo, ndoano hiyohiyo. Pwani b yake nayo ilidondoka, na kitenzi kikafifia, lakini jina lilibaki, na jina hilo ni ndoana, au ndoano. Kwa hiyo anayefuta kuloba kwa jina la usanifu anashika ndoano kwa mkono mmoja na kumfukuza mama yake kwa mkono wa pili.

Mtu atasema kitenzi chetu hakikutoka pwani, kimeingia Kiswahili cha ziwa kutoka Kitabwa na majirani zake. Huenda. Kalemie imekaa mahali ambapo kanda za Guthrie zinakutana kama njia panda: Kiholoholo ni D28, Kibembe D54, Kiluba L33, Kitabwa M41. Mtu aliyekulia hapa husikia kanda tatu sokoni kabla ya saa nne asubuhi. Lakini tangu lini neno la Kibantu lililoingia katika lugha ya Kibantu likawa uchafu, wakati neno la Kiarabu, la Kireno au la Kiingereza lililoingia hukohuko pwani likawa usanifu? Meza na bendera ni za Kireno, na hakuna anayezikata kwa wino mwekundu.

Hoja ya asili ya neno, hata hivyo, ndiyo nyepesi kuliko zote. Mzigo uko kwenye maana. Wazee sita niliowahoji kati ya mdomo wa Lukuga na bandari wanatofautisha vitenzi hivi bila kusita. Anayetupa wavu halobi. Anayetoka usiku na taa kufuata ndakala halobi. Anayeloba ni yule ambaye kati ya mkono wake na mdomo wa samaki kuna uzi mmoja. Ukimwambia mzee kwamba mjukuu wake "anavua", atakuuliza anavua kwa nini. Ukimwambia analoba, hana swali. Sahihisho la wino mwekundu limetoa habari ndani ya sentensi na halikurudisha kitu. Katika tasnifu inayohusu zana za uvuvi, hilo ni sawa na kumkataza mwanafunzi wa udaktari asitofautishe homa na malaria.

Sasa mwanzi. Uvuvi wa ndoano hapa kwetu hufanywa kwa namna mbili, kwa uzi wa mkononi tu au kwa uzi uliofungwa kwenye ncha ya mwanzi. Nilipoanza kukusanya maneno nilidhani mwanzi ungenipa ukurasa mmoja. Kamusi zilinishawishi hivyo, maana ndani yake mwanzi ni mmea wenye shina la pingili, utumikao kujengea, kutengenezea filimbi na kadhalika. Basi.

Mzee niliyekaa naye zaidi, ambaye hapa nitamwita Papa kama nilivyomwita pale, hukata mianzi ya kulobea na kuiuza. Kwanza anatofautisha mianzi miwili. Upo ule mkubwa wa manjano au kijani unaopandwa karibu na maji na kwenye viwanja vya zamani, wenye tundu kubwa ndani. Huo anauita jike, na anautumia kwa ngazi na uzio. Upo mwembamba wa vilimani, ambao wanabotania huuita Oxytenanthera abyssinica, wenye shina lililojaa au karibu kujaa. Huo ni dume, na ndio wa kulobea. Jamaa yake wa karibu hugemwa pombe huko Iringa na Njombe, na pombe hiyo inaitwa ulanzi. Angalia l iliyomo. Mwanzi wa pwani umeipoteza, ulanzi wa nyanda za juu umeitunza, na sijasikia mhadhiri yeyote akisema ulanzi ni kosa la tahajia.

Papa haukati mwanzi mchanga. Anautambua kwa unga mweupe juu ya ganda na kwa mabaki ya majani makavu yanayofunika mafundo. Anautaka wenye miaka mitatu au minne, uliokwisha kuota madoa ya kijivu, na kabla ya kukata anaugonga kwa mgongo wa panga na kusikiliza. Mchanga hutoa sauti ya tope, mkomavu hutoa sauti ya mfupa. Hukata kiangazi kinapoanza. Anasema machipukizi ya masika yamekwisha kula sukari ya shina, kwa hiyo wadudu hawakuti karamu. Anaukausha kivulini, akiuning'iniza kwa upande wa ncha na kufunga jiwe chini ili ukae wima, kisha anaunyoosha juu ya makaa, fundo baada ya fundo, mkono mmoja ukikunja huku mwingine ukizungusha. Anatafuta pingili fupi. Pingili ndefu, anasema, ni mahali mwanzi ulipokua kwa haraka, na kilichokua kwa haraka huvunjika kwa haraka.

Halafu anaujaribu. Anaweka kitako cha mwanzi tumboni, anautikisa mara moja, anaacha. Hapa ndipo daftari langu lilipojaa. Mwanzi usiokubali kupinda isipokuwa karibu na ncha ni mbishi. Unaopinda hadi mkononi na kurudi taratibu ni mvivu. Unaoendelea kutetemeka baada ya mkono kutulia ni mwoga, na huo hauuzi, anawapa watoto. Mbishi unafaa pale penye mawe, ambapo samaki akiuma lazima avutwe mara moja. Mvivu unafaa kwa samaki anayeuma kwa kuonja, kwa sababu hamshtui.

Nilimwuliza wingi. Akasema "mianzi wavivu". Sikuamini, nikamrudisha mara tatu kwa njia tofauti, na kila mara alisema wavivu, wabishi, waoga. Najua Kiswahili chetu cha Kongo kimelegeza upatanisho wa ngeli, na mhadhiri wa sintaksia atasema hapa hakuna la ajabu. Lakini Papa huyuhuyu, dakika hiyohiyo, husema "mianzi mirefu", "mianzi mikavu", "mianzi mibaya". Urefu na ukavu anaupatanisha na mmea. Tabia anaipatanisha na mtu. Mpaka huo kati ya vivumishi viwili ndani ya kinywa kimoja ni jambo ambalo kurasa mbili za tasnifu yangu zinalishughulikia, na ambalo lingefutika kabisa kama ningefuata maelekezo niliyopewa awali, yaani "sanifisha data kisha uchambue".

Kuna watu wengine duniani wanaotikisa mwanzi na kusikiliza, na wao hakuna anayewasahihisha. Ulaya, Marekani na Japani kuna wapenzi wa fimbo za kale za mwanzi za kuvulia trauti, yule samaki wa mito ya maji baridi. Fimbo hizo si mwanzi mzima kama wetu. Fundi huupasua mwanzi kuwa vipande vyembamba, hukirandia kila kipande kiwe na pembe tatu za digrii 60, kisha hugundisha vipande sita kwa gundi kuwa fimbo yenye pande sita iliyojaa ndani, ganda gumu likibaki nje ambako nyuzi zenye nguvu ziko. Wafaransa huita bambou refendu. Hiram Leonard wa Marekani aliieneza ufundi huo katika miaka ya 1870. Uingereza ulijulikana kwa kiwanda cha Hardy cha Alnwick, kilichoanzishwa mwaka 1872, na Ufaransa kwa Pezon et Michel wa Amboise, ambako Charles Ritz, wa familia ile ya hoteli, alibuni fimbo. Mwanzi wao bora waliuita "wa Tonkin", ingawa unatoka Guangdong, kusini mwa China, si Tonkin. Jina la mfanyabiashara likashinda ramani. Mwaka 1950 Marekani ilipopiga marufuku bidhaa za China, mafundi wengi walikosa mwanzi, faibaglasi ikachukua nafasi, na katika miaka ya 1970 kaboni ikafuata. Tangu hapo fimbo ya mwanzi haihitajiki na mtu yeyote ili apate samaki. Ndipo ilipoanza kupendwa kweli. Leo fimbo ya fundi mashuhuri wa zamani huuzwa kwa maelfu ya dola.

Nimesoma wanavyochagua. Huitazama fimbo kwa jicho moja kutoka kitakoni hadi nchani waone kama imebaki na mpindo. Huunganisha na kutenganisha vipande vyake, na kiungo cha chuma kilicho kizima hutoa mlio mdogo kama kizibo cha chupa. Hupima kama ncha ina urefu sawa na vipande vingine, kwa maana ncha fupi ni ncha iliyowahi kuvunjika na kufichwa. Hutafuta mahali gundi ilipoachia. Hukagua hariri iliyozungushiwa pete za uzi, na rangi ya vanishi. Kisha hubishana, kwa maneno mengi sana, juu ya namna fimbo inavyopinda. Kuna istilahi za fimbo inayopinda nchani, za inayopinda katikati, za inayopinda hadi mkononi; Ritz alishabikia ile aliyoiita parabolique. Nilipoliona neno hilo nilicheka peke yangu maktabani. Ni mwanzi mvivu wa Papa, umevaa suti ya hisabati.

Fimbo ya namna hiyo ipo Kalemie. Iko katika nyumba ya mstaafu mmoja wa reli, juu ya kabati, vipande vitatu ndani ya mfuko wa kitambaa. Nyumbani wanasema iliachwa na Mbelgiji aliyeondoka mwaka 1960, mji ulipokuwa bado Albertville. Jina la kiwanda halisomeki tena. Niliomba ruhusa, nikamleta Papa. Hakuwa ameona kitu kama hicho. Aliizungusha, akahesabu pande, akacheka kidogo kwa kuona mwanzi uliopasuliwa ukarudishwa kuwa mwanzi. Kisha, bila mimi kusema neno, alifunga jicho moja na kuitazama kutoka kitakoni hadi nchani. Ilikuwa na mpindo. Akasema, "Hii inakumbuka samaki." Kwenye kiungo cha pili, ambacho chuma chake kimelika, alisema ndoa imelegea. Wavuvi wa Kifaransa nao husema kiungo cha kiume na cha kike, lakini hawakufika kwenye ndoa.

Mwenye nyumba alipendekeza tufunge nailoni na risasi tukaijaribu ziwani. Papa alikataa. Alisema ncha hii ni nyembamba mno kutupa jiwe, lazima ilitupa kitu kingine. Alikuwa sahihi. Fimbo ya trauti haitupi uzito wa mwisho wa uzi; hutupa uzi wenyewe, ambao zamani ulikuwa wa hariri iliyopakwa mafuta ili uelee, na kwenye mwisho wake kuna nzi bandia wa manyoya asiye na uzito wowote. Mvuvi huupeleka uzi nyuma yake hewani, husubiri unyooke, ndipo huupeleka mbele. Kwa fimbo ya mwanzi kusubiri huko ni kurefu kuliko kwa kaboni, na anayefanya haraka hupata uzi umejisokota miguuni. Nilimweleza Papa hayo yote. Aliuliza kama huyo nzi hufungwa kwa manyoya ya jogoo au ya kuku jike. Swali hilo lilinishangaza kwa sekunde moja tu, kwa sababu wanaoloba mikebuka usiku hapa kwetu hufunga kwenye ndoano manyoya ya kuku na nyuzi za magunia ya plastiki, na suala la jogoo au tetea linabishaniwa vikali. Jibu, kwa wavuvi wa trauti, ni jogoo. Manyoya ya shingo yake ni magumu, hushikilia nzi juu ya maji.

Nimeieleza fimbo hii kwa kirefu kwa sababu ya jambo moja. Mwanzi mikononi mwa mtu wa Alnwick ni sanaa na urithi, umeandikiwa vitabu na kuwekwa katika makumbusho. Mwanzi mikononi mwa Papa ni dalili kwamba hana pesa za kununua ufito wa dukani, ambao vijana huuita kani, kutoka Kifaransa canne. Ujuzi wao unalingana kuliko nilivyotarajia. Tofauti naiona mahali pawili. Pa kwanza ni pesa, na juu ya pesa Kitivo cha Lugha hakina uwezo. Pa pili ni kwamba maneno ya wale yameandikwa, yamepangwa, yamebishaniwa kwa maandishi kwa zaidi ya miaka 100, na maneno ya huyu yakifika chuoni yanakatwa kwa wino mwekundu. Hapo tuna uwezo wote.

Afrika Mashariki inao mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kwenda kombo. Mwaka 1905 Ewart Grogan alileta trauti kutoka Scotland na kuwaweka katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare, Kenya. Samaki waliota mizizi, ukiniruhusu usemi huo, na mpaka leo kuna kituo cha kufugia vifaranga vyake huko Kiganjo karibu na Nyeri. Wazungu walipanda kuwafuata wakiwa na fimbo zao. Mito hiyo hushuka kupitia ukanda mzito wa mianzi ya milimani, kiasi cha mita 2,400 hadi 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa watu walibeba mwanzi wa China, uliopasuliwa Uingereza, wakapita nao katikati ya msitu wa mianzi ya Kenya, wakavue samaki wa Scotland. Maneno waliyotumia yote yalisafiri nao kwa meli. Wabeba mizigo na waongoza njia walijua mianzi ile kwa majina na kwa umri, lakini nimetafuta katika kamusi zinazofikika hapa, tangu ya Krapf ya 1882 hadi za Johnson na Sacleux za 1939, na sijaona huo ujuzi ulipoandikwa. Ziwa letu, lenye maji ya joto la nyuzi 25 na zaidi juu yake, halitapata trauti kamwe, na sijaona cha kusikitikia. Mwanzi tunao, na waujuao wangali hai, wachache.

Sasa niwajibu wanaonipinga, maana wapo na baadhi yao watanisahihishia mtihani.

Wa kwanza husema uvuvi wa mwanzi ni mchezo wa watoto na wazee. Uchumi wa ziwa ni ndakala, taa na nyavu. Ni kweli kabisa kuhusu uchumi. Tani za samaki zinatoka kwenye nyavu. Lakini hatukuanzisha idara ya isimu ili kupima tani. Tena, msamiati wa taa na nyavu bado utakuwepo miaka 20 ijayo, kwa sababu kazi yake itakuwepo. Wa mwanzi sina hakika. Sitaki Papa abaki na mwanzi ili mimi nipate data. Akipata kani nzuri ya faibaglasi, ataitumia na mimi nitampongeza. Ndiyo maana naharakisha.

Wa pili husema tunahitaji lugha moja. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wanafunzi wetu wataomba kazi Arusha na Dodoma, huko kuloba hakueleweki. Hoja hii naiheshimu, na ndiyo sababu ninaandika makala haya kwa Kiswahili ambacho msomaji wa Dodoma atakielewa. Lakini lugha ya kuandikia tasnifu si lugha inayochunguzwa ndani ya tasnifu. Mwandishi anaweza kusema "wazee hawa wanaoloba" na kueleza mara moja maana yake, kama ambavyo mwanabiolojia hueleza jina la mdudu. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na haikusema cha Unguja. Na sanifu yenyewe, wenzangu, ilijengwaje? Lahaja ya Unguja ilichaguliwa mwaka 1928, na kamati ya lugha ya maeneo ya Kiingereza ilikaa mwaka 1930 na baada yake ili kuisanifisha. Sisi wa upande wa Wabelgiji hatukuwa mezani. Silalamikii, nasema tu kwamba kamusi ambayo haikutuuliza haiwezi kutumika kama ushahidi kwamba hatusemi.

Wa tatu ndiye anayenisumbua, kwa sababu nusu yake ana haki. Anasema tukifungua mlango huu, kila mwanafunzi mvivu ataita kosa lake lahaja. Atasahau upatanisho, ataandika "kitabu yangu", akikatwa atasema ni Kiswahili cha Kalemie. Ni kweli itatokea. Lakini dawa yake si kuufunga mlango, ni kumwekea mlinzi. Napendekeza hivi: neno la eneo likubaliwe katika tasnifu pale tu mwandishi anapoonyesha linasemwa na nani, wapi, kwa maana gani, na linatofautianaje na neno la sanifu linalodaiwa kulingana nalo. Kuloba itapita mtihani huo kwa sentensi tatu. "Kitabu yangu" nayo, kama mada ni upatanisho wa ngeli katika Kiswahili cha ziwa, ina haki ya kupita. Kama mada ni historia ya fasihi, haina. Msahihishaji naye afungwe na sharti hilohilo. Asiandike "sanifu!" pembeni bila kuonyesha kwamba neno analoweka linabeba maana yote ya neno analotoa.

Napendekeza pia jambo dogo la vitendo. Faharasa ya uvuvi ambayo idara yetu imekuwa ikiitayarisha kwa miaka miwili ina maingizo ya kutosha ya nyavu, na yote yamenakiliwa kutoka vitabuni. Hakuna picha hata moja, wala sauti, wala jina la mtaa neno liliposikika. Haijataja kwamba mwanzi unaweza kuwa mbishi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wapelekwe ufukweni kwa wiki moja, wawili wawili, kila jozi na zana moja. Wasirudi na orodha ya majina, warudi wakijua kuichagua, kuitengeneza na kuharibika kwake. Vitenzi na vivumishi hujificha katika kuharibika. Neno la pingili nililipata siku ya kwanza. Neno la "kukumbuka samaki" nililipata kwa sababu fimbo ilikuwa imepinda.

Wakati wa kwenda ni kiangazi, na si kiangazi cha mbali. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 lilifunika sehemu ya ufukwe ambako waloba wengi walikuwa wakikaa, na baadhi yao wamehamia mitaa ya juu na hawajarudi kwenye kazi hiyo. Kati ya wazee sita niliowahoji, mmoja amehamia kwa bintiye Lubumbashi, na mwingine hasikii vizuri tena kiasi cha kutambua sauti ya panga kwenye shina, ingawa bado anagonga.

Orodha yangu ina maneno 143 hadi sasa, yakiwa na rekodi za sauti. Nimeacha nakala kwa msaidizi wa idara, na yeyote anaweza kuisoma na kuipinga. Ninalotafuta bado ni jina la fundo la mwisho kabisa karibu na ncha, pale uzi unapofungwa. Papa analo neno, lakini wazee wengine wawili wanasema ni neno la Kibembe kwa kitu kingine. Mwenye babu anayeloba, upande wa Moba hasa, aje tuzungumze.